Marehemu wa Kifungu cha Nne

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwisha. Petronila kapiga simu baada ya misa. Baba yake mdogo, Katekista Imani, anakuja kutoka Tabora. Petronila atampokea Dar, na Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, watapanda basi wote wawili mpaka hapa Kibiti kuona ninapoishi. Ukoo umesema hautajibu barua yangu ya posa mpaka mzee huyo aone nyumba kwa macho yake. Akisema ndiyo, nimeoa. Akisema hapana, Petronila ataniaga kwa heshima, maana mzee ndiye aliyemlea na yeye hajawahi kumbishia.

Petronila ni muuguzi Utete. Nampenda. Niliandika hivyo humu mwezi wa Februari na bado ni kweli.

Tatizo ni vigae. Februari hiyo hiyo nilimwambia naishi nyumba ya vigae, choo ndani, maji ndani. Sikukusudia. Mwenzangu Paschal, mwalimu wa Hisabati, alikuwa ameweka picha ya sebule yake kwenye wasapu, wivu ukanipanda, mdomo ukatangulia. Petronila hajawahi kufika kwangu; mimi ndiye huenda Utete. Ukweli ni kwamba nimepanga kwa Bi Mwanahawa: chumba na ukumbi, sakafu ya saruji yenye ufa, choo nyuma ya mpapai, popo darini.

Ng'ambo ya barabara kuu kuna nyumba mpya ya Mzee Mashaka, askari magereza mstaafu. Vigae mpaka jikoni. Upande mmoja uko wazi.

Lakini mkataba wangu na Bi Mwanahawa unaisha tarehe 31 Desemba. Tuliuandika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mhuri ukagongwa. Kifungu cha nne: mpangaji asihame kabla ya muda bila taarifa ya miezi miwili, au alete mtu wa kushika nafasi yake. Akitoroka, ataulizwa mdhamini. Mdhamini ni Paschal. Mimi mwenyewe nafundisha Uraia. Mwezi uliopita niliwafundisha Kidato cha Pili uzito wa mkataba, na walielewa vizuri sana.

Hata hivyo nina wazo. Mimi Mnyamwezi, Bi Mwanahawa Mndengereko. Sisi na watu wa Pwani ni watani tangu babu zetu wakishuka huku na mizigo kichwani. Mtani hamshitaki mtani. Mtani akikuibia kuku unacheka naye mnakula. Nyumba ni kuku mkubwa tu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoa taarifa. Ilikuwa saa kumi na moja, uani, Bi Mwanahawa anapeta mchele. Nikasimama wima, nikamwambia kwamba nahama wiki hii. Akacheka mpaka ungo ukamwagika. Akasema Mnyamwezi hahami penye chakula, labda abebwe. Nikasema sitanii. Akamwita binti yake, Zaitun, aje asikie mtani asiyetania. Zaitun akacheka. Jirani naye akacheka ng'ambo ya ua bila kujua kinachochekwa.

Nikajaribu sauti yangu ya darasani. Kosa. Sauti hiyo yeye huiga vizuri kuliko ninavyoitoa mimi.

Kisha akaanza kuokota mchele uliomwagika. Akasema taratibu, bila kuniangalia, kwamba mtu akitoka kwake pasipo kuaga, kwake huyo ni maiti, na kwa kuwa ni mtani wake atamwekea matanga. Halafu akacheka tena. Nikacheka na mimi.

Muhimu ni kwamba nimeshasema. Miezi miwili ni mambo ya hesabu. Taarifa ni taarifa.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nilipita kwa mwenyekiti, Mzee Abdulhalim, aniandikie kwamba taarifa imepokelewa. Akauliza swali moja tu: nilipomwambia, alicheka? Nikasema kidogo. Akauliza kama kidogo hicho ndicho kilichomwaga ungo. Kibiti hii hakuna siri.

Akanieleza kama anamweleza mgeni. Neno lililochekwa halijapokelewa. Ukitaka mtani akusikie, hupeleki mdomo wako mwenyewe. Unamtuma mtu wa tatu asiye mtani, akae mkekani, anywe maji, aseme kwa niaba yako. Hapo hakuna wa kucheka. Kisha akachukua kofia yake, akasema twende sasa hivi, kwa Bi Mwanahawa jambo hili halina ukubwa wowote.

Nikaogopa. Je, akikataa kwa dhati? Sitakuwa hata na utani wa kujifichia. Nikamwambia mzee kuna kikao shuleni.

Mchana nikaenda kusaini kwa Mzee Mashaka. Mwaka mmoja. Hacheki huyu. Alinisomea mkataba wote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, nikaweka sahihi mahali patatu, akagonga mhuri wake mwenyewe. Sikujua kwamba mtu binafsi anaweza kuwa na mhuri. Akauliza nimeachanaje na mwenye nyumba wa kwanza. Nikajibu kwa amani. Aliniangalia muda mrefu, nadhani kama alivyokuwa akiwaangalia wafungwa wanaosema wameonewa.

Jumatano, 6 Agosti

Mungu kajibu. Bi Mwanahawa na Zaitun wameondoka alfajiri kwenda bondeni. Mahindi ya mlao, yale yanayopandwa maji ya mto yakishuka, yanaliwa na nyani na nguruwe. Watakaa kwenye dungu, juu ya nguzo zao, wakipiga debe kuwafukuza mpaka Jumamosi.

Nikaenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya siku mbili. Nikasema nimepata msiba. Akauliza nani. Sikuweza kumuua ndugu yeyote kwa jina, dhambi, kwa hiyo nikasema tu ni mtu wa karibu sana, karibu kuliko wote. Akanipa pole na mkono.

Kisha Hemedy, mbeba mizigo, na guta lake la matairi matatu. Safari tatu mchana kweupe, nikitembea nyuma kana kwamba mzigo si wangu. Pikipiki ilipiga honi nikaruka mtaroni. Jirani akauliza godoro linakwenda wapi. Kunguni, nikasema, linakwenda kuanikwa. Kabati? Kunguni. Safari ya tatu akasema kunguni hao ni wakali, wameingia mpaka kwenye sufuria.

Ufunguo nimeuacha chini ya mtungi na barua fupi inayoanza na Mtani mpendwa. Sikuandika ninakokwenda. Koti langu la kijivu nimelisahau kwenye msumari, na siwezi kurudi kulichukua. Simu nimeizima ili Bi Mwanahawa asinipate.

Alhamisi, 7 Agosti

Vigae. Baridi tamu chini ya nyayo. Bomba likatoa maji mekundu, kisha meupe. Nikajifungia chooni bila sababu. Kwa muda wa saa tatu nilikuwa mtu mwenye furaha.

Saa sita nikaenda gengeni kununua nyanya. Muuza genge wa upande huu hanijui. Alikuwa anamsimulia mteja kwamba kuna mwalimu amefariki. Nikauliza mwalimu gani. Akasema yule Mnyamwezi mwembamba, mpangaji wa Bi Mwanahawa. Akaongeza kwamba masikini alikuwa ameomba ruhusa ya msiba shuleni, kumbe msiba wenyewe ni wake. Nilisahau nyanya.

Nikazunguka kwa nyuma, nikachungulia kwenye ua wa makuti. Bi Mwanahawa amerudi. Jirani wa kunguni alimpigia simu mpaka dunguni. Mikeka imetandikwa uani, wanawake wamejaa, sufuria iko motoni. Na yeye Bi Mwanahawa amevaa koti langu. Anatembea kama mimi, bega moja juu. Anauliza haki na wajibu, nani atanitajia tofauti, na wanawake wanaitikia mwalimu, mwalimu. Akaketi akaonyesha ninavyokula: kichwa chini, macho kwenye sahani ya mwenzangu. Sikujua kwamba nakula hivyo.

Paschal naye yupo. Aliitwa kama mdhamini kuulizwa nilipo, akasema hajui, kisha akaona chakula akabaki. Akapewa nafasi ya kusema neno. Akasema marehemu ameondoka na pasi ya nguo aliyoazima kwake tangu Pasaka, na anaiombea pasi hiyo popote ilipo. Watu wakavunjika mbavu.

Nikatafuta anayelia kweli. Nilitazama uso mmoja mmoja. Hakuna. Miaka mitatu nimekaa mji huu, na iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Sikuthubutu kujitokeza. Kwetu na kwao sheria ni hiyo hiyo: maiti wa utani akijitokeza, watani humlaza mkekani mbele ya watu, na hainuki mpaka ajieleze. Nitajieleza nini? Kesho wageni wanafika saa tano. Nitawapokea stendi mwenyewe, nitawaleta moja kwa moja kwenye vigae, wataona, watakula, watarudi na basi la jioni. Jumamosi nitafufuka kwa utaratibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Acha niandike yote.

Nilifika stendi saa nne na nusu. Hakuna mtu. Nikawasha simu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Ikatetemeka mfululizo kama ina homa. Petronila, Petronila, mkuu wa shule, mama, Petronila. Basi lao lilikuwa limewahi, wakashuka saa nne kasoro. Wakawauliza vijana wa bodaboda nyumba ya Mwalimu Remigius iko wapi. Vijana wakavua kofia zao. Wakawapakia bila malipo.

Huo ndio ubaya wa matanga yale. Waliokaa mkekani walijua ni utani, lakini habari ilivuka barabara peke yake, kicheko kikabaki uani.

Nilikimbia mpaka koromeo likauma. Nikamkuta Petronila mkekani, kanga ya Bi Mwanahawa begani, analia. Analia kweli, kwa sauti, bila kujali anayemtazama. Bi Mwanahawa amevua koti, amempakata, anamwapia kwamba mimi ni mzima, kwamba ni mambo ya watani tu. Petronila akauliza, kama ni mzima, mbona siku ya tatu leo simu haipatikani? Yuko wapi? Nani kamwona?

Hapo Bi Mwanahawa akageuza kichwa. Akamtazama Paschal. Paschal akaweka sahani chini. Nilikuwa nimesimama langoni na niliuona uso wa mama yule ukibadilika. Hakuwa na hakika tena. Alikuwa anajiuliza kama amenililia kwa kucheka huku nimelala mahali nimekufa kweli. Sijawahi kujiona mbaya kama dakika ile.

Nikaingia. Kuna mtu alipiga kelele. Petronila akasimama, nikafungua mikono nikidhani ananikumbatia. Alinishika kifundo cha mkono kama anavyowashika wagonjwa wake, akahesabu mapigo, akaridhika, akauachia mkono ukaanguka. Akaenda kukaa upande wa pili wa ua.

Katekista Imani ni mtu mfupi, suti ya kahawia, hana haraka. Akaomba kuona mkataba. Mzee Abdulhalim akaleta nakala yake. Katekista akaisoma kwa sauti ya somo la kwanza, kifungu cha nne akakirudia. Akauliza sasa naishi wapi. Nikasema ng'ambo, kwenye vigae. Petronila akainua kichwa, akauliza tangu lini. Ningeweza kusema Februari. Mdomo ukatangulia tena, safari hii na ukweli: tangu juzi.

Hakuna aliyecheka, na hao ni watu wanaocheka kila kitu.

Katekista akasema kijana huyu aliahidi mpaka Desemba akachoka Agosti. Akasema ndoa haina taarifa ya miezi miwili, wala mtu wa kushika nafasi. Hajanikataa. Lakini nirudi leo leo katika nyumba hii, nimalize mkataba wangu. Tarehe 31 Desemba Bi Mwanahawa atamwandikia. Akiandika kwamba mpangaji alitimiza muda na kuaga kama watu, ukoo utajibu ndiyo. Akiandika neno lingine lolote, au mzee akisikia habari nyingine ya ujanja wangu, barua ya posa itarudi kwa basi.

Kisha akala wali na kambale, sahani mbili. Akamwambia Bi Mwanahawa kwamba Wandengereko wanajua kupika kwa sababu hawana kazi nyingine. Bi Mwanahawa akamjibu kwamba kazi zote waliwaachia Wanyamwezi, wamezoea kubeba. Wakaelewana sana.

Petronila alisema nami mara moja tu, akipanda bodaboda. Alisema sakafu ya saruji angeikubali tangu Februari.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi. Guta lile lile, safari tatu, Mzee Mashaka akiwa hayupo. Jirani kanipa pole ya kunguni.

Bi Mwanahawa alinipokea bila kucheka, nikaogopa zaidi. Akanirudishia koti, limefuliwa. Akasema kwamba jana pale alipoulizwa nani kamwona, moyo ulimdondoka, na mimi kwake ni mtoto sasa, nisimfanyie vile tena. Nimemwahidi. Nilimaanisha. Nilipiga magoti kabisa, na Zaitun ni shahidi.

Sasa Mzee Mashaka. Mkataba wake ni mwaka mzima, taarifa miezi mitatu. Anayetoroka hupelekwa baraza la kata, na nakala ya barua kwa mwajiri. Barua ikifika shuleni, Paschal ataisoma kabla ya mkuu. Paschal akiisoma, Bi Mwanahawa atajua kabla ya adhuhuri, na Katekista kabla ya magharibi. Nikiliwaza hilo jasho linanitoka masikioni. Kusema kweli nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nina mikataba miwili.

Mzee Abdulhalim kanisikiliza. Akasema Mashaka ni mgumu lakini anasikia mtu anayekuja mbele yake na ukweli. Akachukua kofia, akasema twende wote. Nikamwambia kuna kikao shuleni. Akauliza, Jumamosi? Nikasema cha dharura.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepata njia.

Nimesoma mkataba wa Mzee Mashaka mara tano. Kifungu cha tisa: mpangaji akifariki, mkataba unakoma siku hiyo hiyo, na ndugu watachukua vyombo vyake bila kudaiwa. Kaandika mwenyewe, kagonga mhuri mwenyewe. Vyombo vimeshachukuliwa. Kinachokosekana ni taarifa tu, na safari hii naitoa kwa maandishi, hakuna wa kuicheka.

Tena nusu ya Kibiti imeshanililia. Upande ule wa barabara bado wanasimulia. Habari ya kwamba nimeonekana mzima haijavuka. Muuza genge atakuwa shahidi bila kulipwa.

Barua nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Kwa masikitiko makubwa, na kadhalika. Nimesaini kwa jina la mdogo wa marehemu. Sikumwambia Bi Mwanahawa, kwa nini nimsumbue moyo. Hemedy ataipeleka kesho asubuhi. Mimi nitapaswa tu nisivuke barabara kuu mpaka Desemba, na shuleni niwe napita kwenye mikorosho.

Mwisho wa barua ilibidi kuweka namba ya simu ya familia, kwa ajili ya rambirambi, maana bila namba itaonekana ya uongo. Nimeweka ya Katekista Imani. Mtu wa dini huaminiwa haraka. Na Mzee Mashaka, kwa ninavyomwona, si mtu wa kupiga simu.